Kuipima Pikipiki kwa Mwili: Siti, Usukani na Shokapu za Bodaboda ya Ruhuwiko

Dereva wa bodaboda anayeegesha Ruhuwiko, katika Manispaa ya Songea, huanza kazi kabla jua halijachomoza na mara nyingi huimaliza usiku. Kati ya safari moja na nyingine huendelea kuketi juu ya pikipiki yake, kwa kuwa siti ileile ndiyo kiti chake cha kijiweni. Katika saa kumi au kumi na mbili hizo hupita kwenye lami, huingia mitaa ya udongo mwekundu, hubeba mwanafunzi, mgonjwa, kreti za soda, na msimu wa mavuno gunia la mahindi. Kiuno kinapoanza kuuma, njia ya kwanza anayoijua ni vidonge vya diklofenaki kutoka duka la dawa. Ya pili ni fundi. Makala haya yanahusu njia ya pili, ambayo wataalamu wa afya kwa kawaida huiacha mikononi mwa gereji.

Pikipiki nyingi zinazofanya kazi hiyo zina injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 na zimebuniwa India au China: Boxer, TVS, Haojue na jamaa zao. Ni vyombo vyepesi na vya gharama nafuu. Kiwanda kilipovipanga kilimfikiria mtu wa kimo cha wastani, akiwa peke yake au na abiria mmoja, akienda kazini na kurudi. Hakikumfikiria kijana wa futi sita mwenye gunia nyuma, wala mtu mfupi anayeifikia breki kwa ncha za vidole. Ndiyo maana pikipiki haikai muda mrefu kijiweni kabla haijabadilishwa: siti hunenepeshwa, usukani huinuliwa, keria huchomelewa, shokapu huongezwa. Mtu wa afya anayeyatazama mabadiliko hayo hujiuliza ni lipi linaupunguzia mwili kazi, na ni lipi linahamisha maumivu kutoka kiungo kimoja kwenda kingine. Tukisema wazi, marekebisho yenye manufaa makubwa ni yale yasiyoongeza chochote: nati hulegezwa, futi kamba hupima, nati hukazwa tena. Kinachouzwa kwa jina la raha kinastahili kutiliwa shaka kwanza.

Mitetemo ya aina mbili

Mwili wa dereva hupokea mitetemo ya aina mbili, na tiba yake si moja. Aina ya kwanza hutoka barabarani: mashimo, makunyanzi ya barabara ya vumbi, matuta. Hiyo ni mitetemo ya polepole, mara chache kwa sekunde. Mwili wa mtu aliyeketi huitikia kwa nguvu zaidi mitetemo ya wima inayojirudia kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Hapo kiwiliwili hucheza kama ndoo iliyotundikwa kwenye springi, na mzigo wa mchezo huo huziangukia pingili za kiuno. Kati ya pingili kuna diski, vifuko vya gegedu vyenye ute mzito ndani yake, ambavyo kwa mtu mzima havina karibu mishipa yoyote ya damu na hulishwa kwa majimaji yanayopenya polepole kutoka mifupa jirani. Misuli ya mgongo ndiyo inayozipunguzia mshtuko. Ikichoka kwa kukaza saa nyingi bila kubadili mkao, diski na kano zake hubaki zikipokea kila shimo peke yake.

Aina ya pili hutoka kwenye injini. Injini ya silinda moja inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hutetema mara 100 kila sekunde. Mtetemo wa kasi hiyo haufiki kiunoni kwa nguvu. Huishia viganjani na nyayoni. Siti nene haiuondoi, na dereva anayelalamika kufa ganzi vidole hasaidiwi na shokapu mpya.

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 kuhusu mitetemo kazini linamtaka mwajiri aanze kuchukua hatua pale mtetemo wa mwili mzima, ukipigiwa hesabu ya siku ya saa 8, unapofikia meta 0.5 kwa sekunde kwa sekunde, na linakataza usizidi 1.15. Kwa mikono namba hizo ni 2.5 na 5. Dereva wa bodaboda hana mwajiri wa kumpimia, lakini hesabu iliyo nyuma ya namba hizo inamfaa yeye pia. Ukali wa mtetemo una uzito kuliko muda: mtetemo ukiongezeka mara mbili, muda wa kufikia dozi ileile hupungua hadi robo, yaani saa 8 huwa saa 2. Basi anayeupunguza mtetemo kwa nusu, kwa kwenda polepole kwenye makunyanzi na kuwa na tairi lenye upepo sahihi, anapata zaidi kuliko anayepumzika saa moja na kurudi kuendesha vilevile.

Nati kabla ya pesa

Upepo wa tairi ndio shokapu ya kwanza, na ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Kwa pikipiki nyingi za aina tunayoizungumzia, mwongozo wa kiwanda hutaka kama 25 mbele na 28 nyuma kwa kipimo cha psi dereva akiwa peke yake, na 32 au zaidi nyuma akiwa na abiria. Namba kamili imeandikwa kwenye kibandiko au kitabu cha chombo. Dereva anayejaza 40 nyuma “ili tairi lisichakae” analilinda tairi kwa kiuno chake. Anayeacha upepo upungue hadi 18 kwa ajili ya ulaini hupata pikipiki inayoyumba konani na tyubu inayobanwa na rimu kwenye kila shimo.

Linalofuata ni mkao wa mikono. Dereva aketi kama anavyoketi kazini, pikipiki ikiwa imesimama wima na mtu akiishika, anyooshe vidole juu ya breki na klachi, kisha mtu mwingine amtazame kwa ubavuni. Kigasha, kiganja na vidole vinapaswa kuwa mstari mmoja. Kifundo cha mkono kikiwa kimevunjika kwenda juu au chini, neva ya kati inayopita katika mfereji mwembamba wa kifundo hubanwa, na dalili yake ni ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayozidi usiku. Ganzi ya kidole kidogo na cha pete hutoka kwenye neva nyingine, ile ya upande wa nje wa kiganja, ambayo hugandamizwa na dereva anayeuegemea usukani kwa uzito wa mwili. Ya kwanza mara nyingi hurekebishwa kwa kulegeza klampu ya breki na ya klachi na kuzizungusha kidogo. Ya pili hudai kiwiliwili kirudi nyuma, na hiyo ni kazi ya siti au ya pembe ya usukani. Ni vema dereva ajue ganzi yake ni ya vidole gani kabla hajatoa pesa.

Ncha za usukani huja na vizito vya chuma ambavyo vijana wengi huviondoa au huviacha vipotee, wakidhani ni mapambo. Vimewekwa kuituliza mitetemo ya injini. Mpira wa kukanyagia uliochakaa hadi chuma nao hufaa kubadilishwa kwa sababu hiyohiyo. Songea iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali. Vidole vilivyozoea mtetemo vikipata baridi vinaweza kugeuka vyeupe na kuuma, kwa kuwa mishipa ya damu hujikaza. Glovu zina kazi hapo kuliko kipande cha boksi kifuani. Nimonia, ambayo vijiweni husingiziwa upepo, husababishwa na vimelea. Koti zito ni jambo jema, lakini halizuii vimelea hao.

Siti

Fundi wa siti mwenye nia njema hukata sponji ya godoro, huizidisha unene, hushona ngozi ya bandia juu yake, na mteja huondoka amefurahi. Baada ya wiki chache furaha huisha. Sponji laini huzama yote pale mtu anapoketi. Inapofika chini haina tena nafasi ya kuzama, na kila shimo hupita moja kwa moja hadi kwenye mifupa. Kinachotakiwa ni sponji nzito, ngumu kiasi, inayobaki na nafasi ya kuzama hata mtu akiwa juu yake. Kipimo rahisi: bonyeza kwa goti ukiegemeza uzito wote, ukihisi bati la chini, sponji haifai.

Umbo lina uzito kuliko unene. Mtu huketi juu ya mifupa miwili ya nyonga ambayo kwa watu wengi imeachana kwa sentimita 10 hadi 14, na siti inapaswa kuwa pana na tambarare pale mifupa hiyo inapotua. Siti iliyojazwa katikati kama mgongo wa samaki huutoa uzito kwenye mifupa na kuupeleka katika sehemu laini kati ya mapaja, zinakopita neva na mishipa ya damu ya viungo vya uzazi. Siti inayoteremka kuelekea tangini hufanya vivyo hivyo, maana dereva huteleza mbele kila anapofunga breki. Wanaume hawapendi kulitaja jambo hili kliniki, nasi tunalitaja kwa niaba yao: ganzi ya sehemu za siri baada ya safari ndefu ni alama ya mgandamizo, na mara nyingi humalizwa na fundi kwa kusawazisha siti.

Kimo cha siti nacho kina mpaka. Kila sentimita inayoongezwa huinua kiini cha uzito na kuwaondolea nyayo ardhi. Dereva mfupi asiyeweza kutua unyayo mzima wakati wa masika, mbele ya kijiwe kilichojaa utelezi, ataanguka akiwa amesimama, na abiria wake pamoja naye.

Usukani wa juu

Duniani kuna jamii ya pikipiki nzito zinazoitwa kruza, ambazo kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani ndiyo iliyozifanya maarufu: siti ya chini, miguu mbele, usukani mrefu unaorudi kwa dereva. Sura yake imefika hadi vijiweni kwetu kupitia filamu na simu, na kuna wanaoiiga kwa kuchomelea usukani wa juu kwenye pikipiki ya kazi. Katika hilo kuna ukweli na kuna udanganyifu.

Ukweli ni kwamba kuuinua usukani kwa sentimita 3 hadi 5 kunaweza kumwondolea dereva mrefu hali ya kujikunja. Alf Nachemson wa Uswidi, aliyepima shinikizo ndani ya diski za watu hai kuanzia miaka ya 1960, na Hans-Joachim Wilke wa Ujerumani, aliyerudia upimaji huo kwa vyombo vya kisasa na kuchapisha mwaka 1999, hawakukubaliana kuhusu mtu aliyeketi wima. Walikubaliana kuhusu kuinama mbele: huongeza sana shinikizo katika diski za kiuno.

Udanganyifu uko katika kudhani kwamba kadiri usukani unavyopanda ndivyo raha inavyozidi. Mikono ikifika usawa wa mabega, misuli ya mabega na shingo hufanya kazi bila kupumzika. Miguu ikiwekwa mbele kama ya kruza, dereva hawezi tena kujiinua kidogo juu ya vikanyagio anapoliona shimo, na magoti ndiyo shokapu bora aliyopewa mwanadamu. Kruza hutembea kwenye barabara pana za lami. Hata huko waendeshaji wake hulalamikia mkia wa uti wa mgongo. Tena usukani mrefu huzivuta nyaya. Baada ya badiliko lolote la usukani, injini ikiwa inanguruma taratibu, uzungushwe kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Mlio wa injini ukipanda, waya wa mafuta unavutwa, na siku moja pikipiki itaongeza mwendo yenyewe ikiwa konani.

Shokapu na mzigo

Hapa ndipo tunapoona makosa ya gharama kubwa zaidi. Springi hubeba uzito na kuhifadhi nguvu ya mshtuko. Mafuta yaliyo ndani ya shokapu huila nguvu hiyo. Shokapu iliyovuja mafuta huendelea kubeba uzito kama kawaida, lakini baada ya kila shimo pikipiki huruka mara tatu au nne, na dereva huamini kwamba springi “imelegea”. Ukandamize mkia kwa nguvu na uuachie: ukipanda na kutulia, mafuta yapo; ukichezacheza, hayapo, na hakuna springi ya ziada itakayoyarudisha.

Wapo wanaochomelea jozi ya pili ya shokapu nyuma ili kubeba magunia. Ugumu ukiongezeka mara mbili hubaki hivyo siku nzima, pamoja na saa zile dereva anapokuwa peke yake au na mtoto wa shule. Nyuma haizami tena. Kinachozama ni diski. Mahali palipochomelewa, ambapo kiwanda hakikupapanga kubeba nguvu hiyo, pia ndipo nyufa huanzia.

Shokapu nyingi za nyuma za pikipiki hizi zina pete ya ngazi chini ya springi, inayozungushwa kwa spana maalumu. Madereva wengi hawajawahi kuigusa. Pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati hadi gurudumu la nyuma lining’inie. Pimwe kutoka ekseli hadi alama iliyo juu yake kwenye bodi. Kisha ishushwe, dereva aketi na kuinua miguu huku mwenzake akimshika, na kipimo kirudiwe. Gurudumu la nyuma la pikipiki ya namna hii huweza kupanda kwa takriban milimita 100, na uzito wa dereva ule robo hadi theluthi ya safari hiyo, yaani milimita 25 hadi 33. Ikizama zaidi, panda ngazi moja; ikizama chini ya hapo, shuka ngazi moja. Wakati wa kubeba abiria siku nzima pete ipandishwe, na wakati wa kurudi nyumbani mtupu ishushwe. Kazi yenyewe ni ya dakika mbili. Baada yake ulegevu wa cheni uangaliwe mtu akiwa ameketi, kwa sababu gurudumu linapopanda cheni nayo hukaza.

Keria inahitaji hesabu ndogo. Umbali kati ya ekseli mbili ni kama meta 1.3. Mzigo wa kilo 60 ukiwekwa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma huliondolea gurudumu la mbele karibu kilo 14 (60 mara 0.3, gawa kwa 1.3). Dereva huhisi usukani umekuwa “mwepesi” na hufurahia wepesi huo, ilhali gurudumu la mbele ndilo linalogeuza chombo na ndilo lenye sehemu kubwa ya breki. Kilo 60 hizohizo zikisogezwa hadi juu ya ekseli, hasara hiyo hutoweka. Keria fupi na ya chini humfaa dereva kuliko ndefu, hata kama inabeba kreti moja pungufu.

Aliyeketi nyuma

Kati ya vyote vinavyoondolewa, kinachotusikitisha zaidi ni wavu au bati la ubavu wa kushoto wa gurudumu la nyuma. Pikipiki za India huja nalo kwa kuwa kanuni za nchi hiyo zinadai gurudumu la nyuma likingwe, vazi la abiria lisinaswe. Wanawake wa huko waliovaa sari huketi kiupande. Mama wa Ruhuwiko aliyevaa kitenge naye huketi hivyo. Bati likitolewa ili kupata nafasi ya keria, kitenge huingia kwenye spoki, na kisigino cha mtoto pia. Jeraha la kisigino kilichosagwa na spoki huonekana dogo siku ya kwanza. Ngozi iliyopondwa huweza kufa siku chache baadaye na kuacha kano wazi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama anaweza kukanyaga. Upande wa kulia kuna ekzosi, na kinga yake ikiondolewa ndama ya mguu wa abiria hulipia; apande na kushuka kwa kushoto.

Pikipiki nyingi si mali ya wanaoziendesha. Ziko katika mkataba, au dereva hupeleka hesabu kila jioni, na mwenye chombo hapendi kusikia kuhusu siti mpya. Marekebisho ya nati, upepo na pete ya shokapu hayahitaji ruhusa wala risiti. Ya kuchomelea yanahitaji, na dereva aliyeruhusiwa kwa maandishi hatadaiwa nyufa mwisho wa mkataba.

Lipo pia kundi la maumivu ambalo fundi hana kazi nalo. Udhaifu wa miguu, ganzi inayozunguka njia ya haja na mapaja ya ndani, au kushindwa kukojoa, vikifuatana na maumivu ya kiuno, ni dharura ya saa chache: neva za mwisho wa uti wa mgongo zinabanwa. Maumivu ya mgongo yanayozidi usiku, pamoja na homa, jasho na kupungua uzito, yanadai uchunguzi wa kifua kikuu cha mifupa, hata kama mgonjwa anaendesha pikipiki na sababu inaonekana dhahiri. Maumivu yaliyopita wiki sita bila nafuu nayo yapelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea, au Peramiho kwa walio upande huo. Vidonge vya kutuliza maumivu vya jamii ya diklofenaki, vikimezwa kila siku kwa miezi, hutoboa tumbo na kudhuru figo. Mgonjwa avichukue vidonge hivyo aende navyo, amwambie daktari anavimeza vingapi kwa siku na tangu lini, na anakaa juu ya siti saa ngapi, kwa kuwa swali hilo la mwisho huenda asiulizwe.